Hodi Tatu za Yonas

Mama Patriki ndiye anayeshona sare za shule hapa Endasak, na ukitaka sketi ikae vizuri kiunoni lazima usimame muda mrefu katikati ya chumba chake bila kutikisika. Mtu aliyesimama bila kutikisika hana kazi nyingine ila kutazama na kuuliza. Ndivyo nilivyomfahamu. Jina lake la ubatizo ni Hilaria, ana miaka thelathini na minane, alizaliwa Dongobesh upande wa Mbulu akaolewa huku chini ya Mlima Hanang. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Simu yake ameifunga kwa mpira wa baiskeli mbele ya cherehani, pale ambapo fundi mwingine angebandika picha ya Bikira Maria, na kila akimaliza mshono mmoja anaisoma.

Nilidhani anachati na mume wake.

"Nasoma kijiji," aliniambia, pini zikiwa mdomoni.

"Kijiji kipi, mama?"

"Cha uongo. Inua mkono."

Kijiji chenyewe ni kundi la Telegram linaloitwa Ng'ambo ya Mlima. Lilianza redio yake ilipoharibika. Alikuwa amezoea kushona huku akisikiliza mchezo wa redioni, na redio iliponyamaza akaona mikono inachoka mapema. Basi akafungua kundi, akawaingiza dada zake, wateja wachache na watu wa kwaya, akaandika sentensi moja tu: "Kuna kijiji ng'ambo ya mlima, na leo mchana ameingia mgeni. Wewe ni nani hapo kijijini, na unamfanyia nini huyo mgeni?" Baada ya wiki moja kijiji kilikuwa na mwenyekiti, muuza pombe ya asali, mganga asiyejua dawa, na mbuzi mmoja ambaye naye alikuwa mtu, maana Loveness wa Masakta alikataa kabisa kuwa kitu kingine.

Kila mtu ana mhusika wake mmoja. Unaandika anachosema na anachotenda, wenzako wanajibu kwa wahusika wao, na hadithi inakwenda bila mtu yeyote kujua itaishia wapi. Ukitaka kusema jambo kama wewe mwenyewe, labda unakwenda kuteka maji na utarudi baadaye, unaliweka ndani ya mabano. Nje ya mabano wewe si wewe.

"Kwa hiyo nikimtukana mtu nje ya mabano, siyo dhambi?" nilimuuliza.

"Hilo muulize katekista. Geuka."

Mwanzoni hakukuwa na sheria. Kisha Nikolausi, anayeimba besi kwenye kwaya, akaamka siku moja akamfanya mhusika wake achome nyumba ya muuza pombe. Muuza pombe alikuwa ni Konsolata. Ile nyumba alikuwa ameielezea kwa miezi minne, mpaka rangi ya pazia na mahali paka anapolala. Alifungua simu akakuta majivu. Jumapili ile Konsolata alihamia upande wa pili wa kwaya ili asisimame karibu na Nikolausi, na padri akauliza kwa nini sauti ya pili imeelemea upande mmoja, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Hapo Mama Patriki akachukua boksi la nyuzi, akalikata, akaandika sheria kwa kalamu ya wino mzito na kulibandika juu ya dirisha, na kwenye kundi vilevile: JAMBO ZITO LIPIGIWE HODI MARA TATU KWA MWENYEWE KABLA HALIJAANDIKWA. Jambo zito ni kuua, kuumiza, kuiba, kuchoma na kuoa. Hodi unaituma pembeni, kwenye simu ya mwenye mhusika, siyo kwenye kundi.

"Kwa nini mara tatu?"

"Hodi ni mara tatu," alisema, na akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini wiki ina siku saba.

Sheria hiyo ilikaa miaka miwili bila shida. Mbuzi wa Loveness aliibiwa mara tano, na mara zote tano alipigiwa hodi, akakubali, akaandika mwenyewe jinsi alivyopiga kelele.

Sasa nieleze kuhusu Fausta. Fausta ana miaka ishirini na mmoja, ni wa Gehandu, binti wa Wabarbaig wafugaji. Alimaliza kidato cha nne akarudi nyumbani kwenye ng'ombe. Kwao mtandao haufiki. Anapeleka ndama malishoni, na nyuma ya josho kuna jiwe kubwa. Akipanda juu yake simu inapata alama mbili. Ndiyo maana anakaa kimya siku tatu au nne, halafu maandishi yake yanateremka kumi kwa mpigo. Mhusika wake anaitwa Udameda, mwanamke mwenye ng'ombe wake mwenyewe na kisima alichochimba kwa mikono yake. Wanaume wanakuja kumposa Udameda, naye anawarudisha, ila hajawahi kusema hapana mara mbili kwa namna moja. Kuna watu wamo kwenye kundi kwa ajili ya hizo hapana tu. Mama Patriki alinisomea moja, ambapo Udameda alimwambia tajiri mmoja: "Ng'ombe wako ni wazuri. Waambie waje wenyewe, wewe ubaki."

Na Yonas ni mdogo wake Mama Patriki, tumbo moja. Analima vitunguu saumu kule Dongobesh. Mhusika wake ni Tluway, mrina asali, mcheshi, muoga wa giza. Yonas anaandika vizuri sana. Hata mwalimu wetu wa Kiswahili anamsoma, ingawa anasema hasomi.

Mwezi wa tano wasomaji walianza kuandika kwenye mabano: "(Jamani Tluway amuoe Udameda.)" Mmoja akaanza, wengine wakaitikia. Yonas akasikia. Jumatatu akamtumia Fausta ujumbe pembeni: "Hodi Udameda. Tluway anataka kuposa. Nikiandika harusi, sawa?" Tiki moja, maana yake haujasomwa. Jumanne akapiga ya pili, tiki moja. Jumatano ya tatu, tiki moja. Ijumaa akaandika.

Ilikuwa meseji arobaini na moja. Tluway alishuka mlimani na asali na ng'ombe sita wa kuazima. Udameda akainamisha kichwa, akachora udongo kwa kidole cha mguu, kisha akasema: "Ndiyo. Nilikuwa nakusubiri." Akakiacha kisima, akahamia kwa Tluway. Siku nzima watu walituma maua. Mama Patriki mwenyewe alisoma akalia kidogo, na mkono wa shati la mtoto wa darasa la kwanza akaushona ndani nje. Hakukumbuka kuuliza kama Fausta ameitika. Hakuna aliyekumbuka.

Jumapili Fausta alipanda jiwe. Alisoma yote. Akaandika mstari mmoja, "(Nani amesema ndiyo?)", akatoka kwenye kundi.

Mimi nilikuwa nimesimama napimwa, Mama Patriki alipompigia Yonas. Aliweka simu sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na futi.

"Ulimpigia hodi yule binti?"

"Shikamoo dada. Tatu. Nikutumie picha?"

"Marahaba. Akaitika?"

"Hakuitika."

"Sasa?"

"Sasa nini, dada? Sheria yako inasema mara tatu. Nimepiga tatu. Ungetaka nne ungeandika nne."

"Usinijibu hivyo, mimi siyo kitunguu chako."

"Halafu alinyamaza. Msichana akiposwa akanyamaza, wazee si wanasema..."

"Malizia."

Tulisikia jogoo wa kwao akiwika, kisha Yonas akasema anakwenda kumwagilia.

Nilijiuliza, shida iko wapi, si afute tu? Mama Patriki ndiye mkuu wa kundi, anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote. Aliniambia kufuta ni sekunde mbili, lakini Fausta harudishwi na kufuta, kwa sababu Fausta hayumo ndani aone. Na simu yake haipatikani. Kundi nalo lilikuwa limegawanyika. Nusu walisema harusi ibaki, ni sehemu nzuri kuliko zote. Konsolata akaandika kwenye mabano kwamba nyumba yake kuchomwa ilikuwa afadhali, kwa sababu angalau hakuandikiwa kwamba amefurahi. Alhamisi, mtu mmoja wa Katesh anayeitwa Wolfgang akaandika: "(Kama Fausta hamtaki tena Udameda, nipeni mimi, nitamtunza.)" Watu kumi na saba wakakubali.

"Anamwomba kama baiskeli," alisema Mama Patriki. Siku hiyo hakushona zaidi. Alimpigia tena mdogo wake: "Jumamosi unashuka. Tunakwenda Gehandu, utapiga hodi kwa mdomo."

Yaliyotokea Gehandu sikuyaona. Nimesimuliwa na Mama Patriki, na Yonas, na baadaye Fausta, na naandika pale wote watatu walipokubaliana.

Yonas alishuka na pikipiki yake kupitia Dareda, akamchukua dada yake Endasak, wakafika Gehandu mchana jua likiwa kali. Njia nzima Mama Patriki alikuwa anamsema mgongoni, naye anasema hakusikia kwa sababu ya kofia ya chuma. Boma la kina Fausta lina uzio wa miiba, na mlango ni tawi kubwa la mwiba linalovutwa. Yonas akasimama, akaita hodi. Kimya. Akaita ya pili. Kimya, ila ndama alilia mahali. Akaita ya tatu, akasubiri kidogo, akalivuta tawi, akaingia, akaona kigoda, akakaa.

Mama Patriki alikuwa nyuma yake. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya boma.

Mama yake Fausta, wanamwita Mama Basili, akatokea kwenye kibanda cha ndama, mikono ina maziwa mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe uliyekaa ni nani?"

Yonas akasimama. "Shikamoo mama."

Mama Basili hakuitikia. Kwetu mtu mzima asipokuitikia shikamoo, ujue uko pabaya.

"Nani amekuambia karibu?"

"Nimepiga hodi, mama. Mara tatu."

"Nimesikia. Nilikuwa nimeshika ndama. Hodi unapiga, unasimama. Mwenye boma asipoitika, unarudi kwenu."

"Kwetu Mbulu," Yonas akaeleza, na wote wanasema alieleza kwa adabu kabisa, "ukipiga hodi tatu kimya, unaingia unakaa karibu na moto, unasubiri wenyewe. Kwetu kuna baridi. Mgeni akikutwa amesimama nje, mwenye nyumba anaona aibu."

"Huku hakuna baridi."

Mama Patriki aliniambia wakati huo alikuwa anautazama mguu wake. Hakuutuma uingie, uliingia wenyewe. Ndivyo walivyolelewa yeye na Yonas, nyumba moja, mama mmoja: hodi tatu, ingia. Njia nzima kutoka Endasak alikuwa amemwambia mdogo wake kwamba ana kiburi, kumbe mtoto alikuwa ameisoma sheria kama ilivyoandikwa na dada yake, na dada yake aliiandika kama mtu wa Dongobesh. Aliandika hodi. Karibu hakuiandika, kwa sababu kwao hodi ya tatu inajifungulia mlango.

Akautoa mguu. "Yonas, toka nje."

"Dada, nimeshakaa..."

"Toka."

Wakatoka, wakalirudisha tawi, wakasimama juani. Mama Basili akarudi kwa ndama wake na hakuharakisha. Yonas anasema ilikuwa nusu saa, Mama Patriki anasema dakika kumi. Kisha sauti ikatoka kibandani: "Marahaba. Karibuni."

Fausta alirudi na ndama wengine, akawakuta wamekaa wanakunywa maziwa ya mgando. Alimsalimia Mama Patriki shikamoo. Yonas yeye hakusalimiwa.

"Mimi ndiye Tluway," Yonas akasema.

"Nimekujua. Umekaa kama yeye."

Yonas akaanza kujieleza, kuhusu hodi na baridi na moto, na Fausta akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Watu mia mbili wameisoma hiyo harusi?"

"Mia mbili na kumi," alisema Yonas, na anakiri alisema kwa fahari kidogo.

"Basi watu mia mbili na kumi wamenisikia nikisema neno ambalo sijasema."

"Lakini ni Udameda amesema, siyo wewe."

"Udameda anasema kwa mdomo gani?"

Mama Basili akauliza wanazungumzia nini, na Fausta akamweleza kwa Kibarbaig, kwa kirefu. Nyumbani kwao mwaka huu kuna baba mdogo aliyeleta habari za mchumba wa Fausta, akauliza na kujibiwa siku hiyohiyo na watu ambao siyo Fausta, na mama yake bado anazizuia hizo habari zisitembee. Hilo Fausta hakuwaambia wageni. Aliniambia mimi baadaye, na amesema naweza kuliandika.

Mama Basili akamgeukia Yonas. "Yaani alisema ndiyo, wewe ukiwa mdomo wake?"

"Ndiyo, mama."

"Sisi mwanaume akimkosea mwanamke, wanawake tunakaa kikao. Anatoa dume jeusi la ng'ombe."

"Mama, mimi nina pikipiki tu."

"Ina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Haifai," alisema Mama Basili, na hapo Fausta akacheka, mara ya kwanza tangu arudi malishoni.

Mama Patriki hakucheka. Alisema, "Binti yangu, kosa la kuandika ni la huyu. Kosa la sheria ni langu. Nilisoma harusi yako nikalia, na sikuuliza kama umeitika. Niambie tufanye nini, nitafanya."

"Ifutwe."

"Yote?" aliuliza Yonas. "Hata pale ng'ombe wanapovuka mto? Pale hujaguswa kabisa."

"Wale ng'ombe walikuwa wanakwenda wapi?"

"Kukuoa."

"Basi na wenyewe warudi."

Wakaenda wote kwenye jiwe nyuma ya josho, mpaka Mama Basili, aliyetaka kuona harusi inafutwaje. Yonas alianza kufuta moja moja, akizisoma kimoyomoyo. Fausta akamwambia, "Chagua zote. Ndama wananisubiri." Akachagua zote arobaini na moja, akabonyeza. Anasema lilikuwa shamba zuri kuliko yote aliyowahi kulima, na alilifyeka mwenyewe, na ilikuwa haki.

Mama Patriki akiwa hapohapo juu ya jiwe akaongeza sheria: ASIYEITIKIWA KARIBU ARUDI KWAKE. Akamrudisha Fausta kwenye kundi. Akamwandikia Wolfgang kwenye mabano kwamba Udameda ana mwenyewe.

Kundi halikufurahi. Watu thelathini na mmoja walitoka, Wolfgang akiwa wa kwanza. Wengine waliandika kwamba Mama Patriki anaharibu mchezo kwa mambo ya nje ya mchezo. Yeye alishona tu. Fausta naye alikaa kimya siku kumi na moja, na kila mara nilipopita pale kwenye cherehani niliuliza, na kila mara Mama Patriki alitikisa kichwa. Nilimuuliza kwa nini asimtumie ujumbe wa kumwomba. Akasema ameshapiga hodi moja, na hapigi nyingine.

Siku ya kumi na mbili Yonas alipata ujumbe pembeni: "Hodi Tluway. Nataka kukukataa mbele za watu. Sawa?" Alikuwa anapalilia. Akakaa chini kwenye matuta, akafikiri, akaandika, "Karibu."

Jioni ile Fausta aliandika. Tluway amefika na asali yake. Udameda ameionja, ameisifu, amempa maji ya kisima anywe mpaka aishiwe kiu. Halafu akamwambia: "Asali yako ni tamu, Tluway, lakini nyuki hawakukupa. Uliwafukiza moshi mpaka wakanyamaza. Mimi nikinyamaza, nina moshi machoni." Tluway akachukua kibuyu chake akapanda mlima.

Mama Patriki alinisomea hiyo huku akinikabidhi sketi yangu. Maua yalitumwa machache. Konsolata alituma moja, na Yonas akaandika chini yake, "(Nimekataliwa vizuri.)" Mpaka sasa Tluway na Udameda hawajakutana tena kijijini, na kuna wasomaji wanaolalamika kila wiki kwamba hadithi imepoa.

Mwezi wa nane Fausta alikuja Endasak siku ya mnada, akapita kwa Mama Patriki kupimwa gauni. Nilikuwepo, na sikuweza kukaa kimya. Nilimuuliza kama iko siku Udameda atamkubali mtu yeyote.

Fausta alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu, bila kutikisika.

"Sijui," alisema. "Bado sijamuuliza."